Mionzi baada ya kutolewa uvimbe wa titi: vipindi 15 Dar, kobalti Mwanza, au wiki moja hospitali binafsi?

MshonajiKashai

Wakubwa zangu shikamooni, wenzangu habari za jioni.

Mimi ni fundi cherehani, kibanda changu kipo Kashai, Bukoba. Nina miaka 47. Mwaka huu nimefanyiwa upasuaji wa titi la kushoto. Titi limebaki, wametoa uvimbe na nyama ya pembeni, halafu wakaingia kwapani wakatoa tezi. Naweka majibu ya maabara kabisa, kwa sababu nimeona humu mtu akiuliza mikono mitupu anaambiwa "nenda kamuone daktari" na mada inafia hapo. Uvimbe sentimita 2.3, daraja la pili, kingo safi. Tezi 13 zimepimwa, zote safi. Vipokezi vya homoni vipo, HER2 (protini inayochochea baadhi ya saratani za titi) hakuna. Kemo nimeimaliza salama, namshukuru Mungu, na nimeanzishiwa vidonge vya tamoksifeni.

Sasa imebaki mionzi, na hapo ndipo kichwa kinaniuma, maana nimewekewa njia tatu na shangazi yangu ameongeza ya nne.

Ya kwanza ni Ocean Road, Dar. Daktari amekadiria vipindi 15, Jumatatu hadi Ijumaa, wiki tatu, halafu "nyongeza" pale uvimbe ulipokuwa. Dada yangu anakaa Kimara, kitanda kipo, na mwendokasi unanishusha Kivukoni. Tatizo ni foleni ya kuanza, na kwamba msimu wa sare za shule utanipita nikiwa nimekaa sebuleni kwa mtu.

Ya pili ni Mwanza. Napanda meli usiku, asubuhi nipo mjini, na shemeji yangu yupo Nyakato. Ila mashine ya huko niliyoambiwa ni ya kobalti. Mama mmoja tuliyekuwa naye wodini aliniapia kwamba kobalti ni ya kizamani na inaunguza. Mwingine kitanda cha pili akasema mionzi ni mionzi, asinitishe.

Ya tatu ni hospitali moja binafsi. Vipindi vitano tu, wiki moja nimemaliza, narudi kwangu. Bei waliyonitajia, nikiuza ovaloki na cherehani mbili bado sijafika, na bima inalipa kipande.

Ya nne ya shangazi: uvimbe umeshatoka, tezi hazina kitu, kemo umepata, mionzi ya nini tena? Anamtaja mama wa Kamachumu aliyeikataa mionzi na mpaka leo anapalilia migomba yake.

Ninachotaka kujua ni hiki. Vitano na kumi na tano vinawezaje kuwa tiba ileile? Kobalti ina shida gani hasa, au ni maneno ya wodini? Titi langu ni kubwa na ni la kushoto, moyo uko hapo chini, nani anaulinda? Mkono wa kushoto ndio ninaosukumia kitambaa, nikipigwa mionzi utajaa? Na mwisho, nina mjukuu wa miaka miwili, jirani ameniambia nikianza nisimbebe. Hili la mjukuu ndilo limeniliza kuliko yote.

Bei msinitajie, hizo ninazo. Nataka aliyepita, au anayeifanya kazi hiyo.

---

Kipepeo_Songea

Pole mwaya, na hongera kwa kumaliza kemo.

Mimi nimepita kobalti, mwaka 2012, vipindi 25. Enzi hizo kwenye hospitali za serikali hapa kwetu hiyo linaki, mashine ya mionzi ya umeme, hatukuwa nayo, ulikuwa hauchagui. Hospitali siitaji.

Nitakwambia ilivyokuwa bila kukutisha. Wiki mbili za mwanzo nilijiona shujaa. Wiki ya tatu ngozi ikawa nyekundu-nyeusi, inawasha. Wiki ya nne, kule chini ya titi kwenye mkunjo, ngozi ikaachia. Titi langu na lenyewe si dogo, linalalia kifua, kwa hiyo pale pana jasho na msuguano muda wote. Sidiria haikuvalika. Nililala chali, nimeweka kitambaa cha pamba kilichofuliwa vizuri katikati ya titi na kifua, nabadilisha kila kikilowa. Nesi alinipa dawa ya kupaka na akanikataza poda, ndimu na maji ya moto. Vipindi vilipokwisha, ngozi ilifunga ndani ya wiki chache.

Leo titi hilo ni jeusi kidogo kuliko mwenzake na ukilibonyeza ni gumu kidogo. Ugonjwa haujarudi. Kwa hiyo mama wa kitanda cha kwanza kasema kweli, na wa kitanda cha pili kasema kweli.

Mjukuu mbebe. Mimi nilikuwa nalala na mwanangu wa mwisho kipindi chote hicho, na sasa hivi yuko chuo.

---

FundiMionzi

Fundi mwenzangu, pole. Kazi yangu ni kuwalaza watu chini ya hizi mashine na kuwapanga mpaka milimita. Mimi si daktari, kwa hiyo haya yapeleke kwa daktari wako yakiwa maswali.

Nianze na shangazi, kwa sababu hoja yake inastahili jibu, si kuzomewa. Upasuaji unatoa kile kinachoonekana. Kingo safi maana yake pale kisu kilipopita hapakuonekana saratani. Haina maana kwamba titi zima halina chembe iliyojificha. Mwaka 2011 ulitoka uchambuzi uliokusanya tafiti 17 na wanawake 10,801, wote wa aina yako, waliobakiziwa titi. Kwa ambao hawakupata mionzi, ndani ya miaka 10 ugonjwa uliwarudia 35 katika kila 100. Waliopata, 19. Ukienda miaka 15, waliokufa kwa saratani ya titi walikuwa 25 katika kila 100 upande mmoja na 21 upande wa pili. Nyingi ya tafiti hizo ni za zamani, na dawa za sasa zimezishusha namba zote, lakini pengo bado lipo.

Wapo wanaoweza kuiruka na daktari akakubali. Kuna utafiti wa Uingereza unaitwa PRIME II, ulichukua wanawake wa miaka 65 kwenda juu, uvimbe usiozidi sentimita 3, tezi safi, wanameza vidonge vya kuzuia homoni. Hata hao, baada ya miaka 10, ugonjwa ulirudi kwenye titi lilelile kwa asilimia 9.5 ya walioruka mionzi dhidi ya 0.9 ya waliopata, ingawa waliobaki hai walikuwa sawa pande zote. Mwanamke wa miaka 70 mwenye moyo mbovu anaweza kuitazama hesabu hiyo akasema acha. Wewe una 47, huo si utafiti wako. Na mama wa Kamachumu anasimuliwa kwa sababu yupo. Waliokataa wakazikwa hakuna anayewatolea mfano.

Sasa vitano na kumi na tano. Zamani kawaida ilikuwa grei 50 (grei ni kipimo cha dozi ya mionzi) kwa vipindi 25, kama dada wa Songea. Waingereza wakajaribu grei 40 kwa vipindi 15, Wakanada wakajaribu 42.5 kwa 16. Kila kipindi kina dozi kubwa kidogo, jumla ni ndogo. Wakafuatilia watu miaka 10: kuzuia ugonjwa, sawasawa. Titi kubaki na umbo na ulaini wake, sawa au afadhali. Kwa hiyo ukipewa 15 usidhani umepunjwa ili foleni iende.

Halafu mwaka 2020 yakatoka matokeo ya FAST-Forward, Uingereza hukohuko, zaidi ya wagonjwa 4,000: grei 26 kwa vipindi 5, wiki moja. Baada ya miaka 5 ugonjwa ulirudi kwenye titi kwa asilimia 1.4, na kwa wale wa vipindi 15 ilikuwa 2.1. Maana yake haikuzidiwa. Ni tiba halali, na kwa mtu anayetoka mbali inaokoa nauli na kazi.

Lakini tulia hapa, maana ndipo hospitali binafsi hazimalizii sentensi. Daktari wako ametaja nyongeza. Nyongeza ni dozi ya ziada inayolenga pale uvimbe ulipokuwa tu, na wanaofaidika nayo zaidi ni wenye umri mdogo. Chini ya miaka 50 madaktari wengi wanaitaka. Kwenye huo utafiti wa wiki moja, waliohitaji nyongeza walipewa baada ya zile siku tano, grei 2 kila siku, siku 5 au 8 zaidi. Basi vyako vitano si vitano. Waulize: "Bei mliyonitajia ina nyongeza ndani yake, na nyongeza ni vipindi vingapi?" Usilipe kabla hujajibiwa.

Upande wa vipindi 15 kuna kitu kingine. Hospitali yenye linaki na watu wa kupanga vizuri inaweza kuipenyeza nyongeza ndani ya vipindi vilevile 15, kila siku titi zima linapata dozi yake na pale palipokuwa na uvimbe panapata zaidi. Utafiti wa IMPORT HIGH ulifanya hivyo, na hakuna siku iliyoongezeka. Ili lifanyike vizuri lazima tujue pale ni wapi. Kovu la nje hudanganya, daktari wa upasuaji anaweza kupasua huku na uvimbe ukawa kule. Kwa hiyo ulizia kama wakati wa upasuaji uliachiwa vile vibanio vidogo vya titani ndani. Vinaonekana kwenye CT, ile picha ya kompyuta ya kupangia mionzi, na havikudhuru maisha yako yote.

Kobalti. Hapa nitakaa kidogo kwa sababu watu wanaitukana bure na wengine wanaitetea bure. Mionzi ya kobalti, inayotoka kwenye chuma chenye mionzi ndani ya mashine, ina nishati ndogo, karibu MeV 1.25 (kipimo cha nishati). Dozi yake inafikia kilele nusu sentimita tu chini ya ngozi. Ya linaki tunayotumia kwenye matiti mara nyingi ni ya MV 6, nishati kubwa zaidi, kilele ni kama sentimita moja na nusu ndani, ngozi inanusurika kidogo. Titi likiwa dogo, tofauti haionekani sana. Titi likiwa kubwa, mionzi inavuka nyama nyingi kutoka upande mmoja hadi wa pili, na ili katikati papate dozi kamili, pembeni panazidishiwa: karibu na kwapa na kwenye mkunjo wa chini. Ndiyo maana dada wa Songea aliachia ngozi palepale. Linaki ina vijipande vya chuma vinavyosogea ndani ya njia ya mionzi, tunavitumia kupunguza pale panapozidi.

Watu husema pia "kobalti imechoka, haina nguvu". Ni kweli nguvu yake hupungua nusu kila miaka 5 na miezi mitatu hivi, lakini dozi yako haipungui, tunaongeza dakika za kulala mezani. Na ina sifa yake: umeme wa kuyumba hauisumbui sana. Linaki inataka umeme uliotulia, maji ya kupoozea, vipuri vya bei mbaya, na ikigoma mnakaa mnasubiri.

Moyo. Kwa titi la kushoto kuna mbinu ya kuvuta pumzi na kuishikilia wakati mashine inapiga. Mapafu yanajaa, moyo unashuka na kurudi nyuma, unatoka njiani. Ni sekunde 20 hivi kwa mara moja, mtu anafundishwa kabla. Si kila mahali wanaifanya, wala si kila mtu anaihitaji, wengine moyo wao uko mbali tayari. Kwenye CT ya kupangia inaonekana. Uliza.

Mkono: kinachojaza mkono zaidi ni kutolewa tezi na kupigwa mionzi kwapani kwa pamoja. Tezi zako zote safi, kwa hiyo uliza wazi kama kwapa litapigwa. Kwa majibu kama yako kwa kawaida huwa ni titi tu.

Mjukuu umeshajibiwa. Mashine ya nje ikizimwa hakuna mionzi inayobaki mwilini mwako. Hatari yako na mtoto wa miaka miwili ni kwamba atakupiga kichwa kwenye ngozi inayouma.

---

TibaAsiliaKinga

Mionzi ni biashara ya wazungu. Mwili unajitibu wenyewe ukiondoa sumu. Nina unga wa mizizi na asali, wiki sita uvimbe unayeyuka. Njoo inboksi nikuelekeze.

---

MshonajiKashai

Kaka, uvimbe wangu ulishatoka, upo kwenye chupa maabara. Huo unga utayeyusha nini?

Wengine asanteni, nasoma kwa kurudia. FundiMionzi, hilo la bei kuwa na nyongeza ndani sikuliuliza, na wao hawakulitaja.

---

BintiLikoni

Mwenzangu, mimi niko Mombasa. Nimeona hujaizungumzia njia ambayo mimi niliishika, nayo ni kukata titi lote ili niepukane na mionzi. Naitaja kwa ajili ya wanaosoma kimyakimya, najua wapo.

Mimi daktari alinambia tunaweza kutoa uvimbe tu kisha nipate mionzi, ama tulitoe titi lote. Nikasema toa lote, sitaki kwenda kulala chini ya mashine kila siku. Nilikuwa na duka la vitenge Marikiti na ndilo lililonipa akili hiyo, nani angelifungua asubuhi? Basi likatolewa. Majibu kurudi, tezi tano zina ugonjwa. Daktari akaniweka chini akasema, mama, ukiwa na tezi nne au zaidi hapa hatujadili: mionzi ya ukuta wa kifua na juu ya mtulinga. Vipindi 15. Nikajikuta titi sina na mashine nimelala chini yake.

Simlaumu mtu. Tezi hazijulikani mpaka zipimwe. Ila asikwambie mtu kwamba kukata lote ni cheti cha kutopigwa mionzi.

Na wallahi mionzi yenyewe ilikuwa nyepesi kuliko kemo mbali sana. Kilichonikalia ni uchovu. Si usingizi, ni uchovu wa mifupa, unashika sufuria unaitua. Ulinijia zaidi wiki ya mwisho na ukakaa kama mwezi baada ya kumaliza. Panga mtu wa kukupikia wakati huo, wengi hupanga mtu wa mwanzoni, halafu mwishoni wakabaki peke yao.

Kingine, mkono. Utalala umeunyanyua juu ya kichwa, haushuki mpaka wamalize. Mimi bega lilikuwa limekaza baada ya upasuaji, siku ya kupangwa nililia. Anza leo kutembeza vidole ukutani, kila siku juu kidogo.

---

FundiMionzi

BintiLikoni amesema la maana. Niongeze kidogo kwa wasomaji kimyakimya: tezi 4 na zaidi, au uvimbe mkubwa uliofika kwenye ngozi au ukuta wa kifua, mionzi baada ya kukata titi haina ubishi mkubwa. Tezi 1 hadi 3 ndipo madaktari wanapovutana. Mwaka 2025 yalitoka matokeo ya utafiti wa SUPREMO uliochukua watu wa kundi hilo la katikati, wote wamekatwa titi na kupata dawa za kisasa. Baada ya miaka 10 waliokuwa hai walikuwa kama 81 katika 100, wawe wamepigwa mionzi ya kifua au la. Kwa hiyo mwenye tezi moja akiambiwa na daktari "kwako tunaweza kuiacha", asikimbie kwenda kutafuta hospitali itakayompiga.

Fundi wa Kashai, hili si lako wewe. Titi lako lipo.

---

MzeeWaMutukula

Kwa mtu wa Bukoba, Kampala ni karibu kuliko Dar. Mke wangu alitibiwa huko. Wengine bado wanaiogopa kwa sababu mwaka 2016 mashine pekee ya mionzi ya hospitali ya Mulago ilikufa kabisa na wagonjwa wakakwama, lakini siku hizi Taasisi ya Saratani ya Uganda ina mashine zaidi ya moja. Tatizo kwako litakuwa bima, haivuki mpaka. Nimeitaja tu usije ukaambiwa haipo.

---

MshonajiKashai

Nimerudi. Nilimwona daktari wangu jana nikiwa na daftari la vipimo vya wateja, upande wa nyuma nimeandika maswali yenu. Akaniuliza, mama, leo unanipima suti? Lakini aliyajibu yote, na mengine akaenda kuchungulia kwenye faili.

Vibanio vipo. Ripoti ya upasuaji imeandika vinne. Mimi nilikuwa natembea na titani kifuani sijui.

Kwapa halipigwi. Akanionyesha kwenye karatasi ya maabara pale kwenye tezi, akasema kwa majibu haya hana sababu ya kuligusa. Ila mkono bado niuchunge kwa sababu ya upasuaji wenyewe. Pasi ya mkaa nishike kwa mkono wa kulia, na nikishona kwa mkono nivae kastabini hata kama nimezoea bila, maana kidonda kidogo cha sindano upande huo kinaweza kualika maambukizi na mkono ukajaa. Nimeitafuta kastabini ya marehemu mama, ipo, ina kutu.

Wiki moja ya hospitali binafsi: nilipiga simu. Yule binti wa mapokezi alisema bei ni ya vipindi vitano. Nikamuuliza nyongeza. Kimya. Akaniambia anauliza, akarudi: nyongeza ni vipindi vingine na ina malipo yake. Nikamshukuru. Daktari wangu hakuiponda, alisema kwa mgonjwa wa miaka 60 na kitu, uvimbe mdogo, hahitaji nyongeza, angemshauri wiki moja bila kusita kama uwezo upo. Kwangu anataka nyongeza kwa sababu ya umri. Basi hesabu ya wiki moja imejifia yenyewe.

Kati ya Mwanza na Dar, alichora. Akachora titi langu, halafu mshale ukiingia huku unatokea kule, akaweka alama pale mkunjo. Maneno yaleyale ya FundiMionzi. Akasema titi lingekuwa dogo na la kulia, angenipeleka Mwanza na asingelala akinifikiria. Kwa ukubwa huu na upande huu, anaipendelea linaki. Kuhusu kushika pumzi, akasema wataangalia kwenye CT huko Dar kama inahitajika na kama inawezekana siku hizo, hakuniahidi. Nimelipenda hilo la kutoniahidi.

Ila aliniwekea mpaka. Tusivuke miezi miwili tangu kemo ya mwisho. Nikifika Dar nikaambiwa foleni inanivusha hapo, au mashine imegoma na haijulikani lini, nisikae Kimara nikisubiri mashine nzuri. Nipande basi la Mwanza, nipigwe kobalti kwa wakati, na ngozi tutaiuguza. Ameandika rufaa mbili, ya pili ipo kwenye bahasha.

Shangazi nilimsomea zile namba za 35 na 19. Akauliza, hao 19 walirudiwa ingawa walipigwa? Nikasema ndiyo. Akanyamaza, halafu akasema basi nenda, ila yule mama wa Kamachumu usimseme vibaya. Simsemi.

Sare za shule nimempa mwanafunzi wangu, nimemkatia vitambaa vyote, yeye aunganishe tu. Wateja wa makoti wasubiri.

Sasa Kipepeo na BintiLikoni, mnisaidie jambo la kike, hili daktari nilishindwa kumuuliza. Siku za mionzi mlikuwa mnavaa nini? Sidiria hapana, nimesikia. Na wanasema wanachora wino kifuani, haufutiki ukioga? Nina muda wa kushona kabla sijaondoka, naweza kujitengenezea kitu.

---

BintiLikoni

Jishonee blauzi inayofunguka mbele, vifungo vikubwa au kamba, kwa sababu mkono hauinuki vizuri na nguo ya kuvalia kichwani itakutesa. Mikono mipana mpaka kwapani, mshono wa kwapa usiwepo kabisa upande wa kushoto ukiweza. Pamba tupu. Nyeupe usivae, wino unahamia. Mimi nilikuwa navaa dera juu na kanga kifuani, naifungua pale pale mezani.

Wino unafifia. Usiusugue, na ukififia usijichoree mwenyewe, waambie warudishie. Wengine wanachanjwa vidoti vidogo vya kudumu, kama kichwa cha pini, havisumbui.

---

Kipepeo_Songea

Na ushone vitambaa vya kuweka chini ya titi, vya kutosha kubadilisha mara kadhaa kwa siku. Shuka la zamani la pamba ndilo zuri, jipya linakwaruza. Kingo usizipige ovaloki, ule uzi unachoma. Zikunje ndani, mshono uwe mbali na mkunjo.

---

MshonajiKashai

Mshono wa kwapa nauhamishia mgongoni, nimeshachora patani. Shuka nimepata, la hospitali ya zamani, limelainika vizuri. Nitatoa na vya ziada niwape nitakaowakuta Ocean Road. BintiLikoni nitumie vipimo vyako inboksi.